Uzito mzuri, damu pungufu: kisa cha mtoto wa chekechea aliyeshibishwa maziwa

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kike aliyeletwa kwetu akiwa na miaka 2 na miezi 10. Majina, mahali na baadhi ya mambo ya familia yameondolewa au kubadilishwa ili asitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wahudumu wa afya, walimu wa chekechea na wazazi, kwa sababu kinaonyesha utapiamlo ambao mizani haiuoni. Mtoto huyu hakuwa amekonda wala kudumaa, na nyumbani kwao chakula hakikukosekana. Hata hivyo damu yake ilikuwa imeshuka kiasi cha kumfanya ashindwe kucheza na wenzake, na chanzo kilikuwa ulaji wake wa kila siku.

Usuli

Alizaliwa kwa wakati akiwa na uzito wa kawaida. Alinyonya maziwa ya mama hadi miezi tisa hivi, kisha mama akarudi kazini na mtoto akahamishiwa maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Mchana alilelewa na bibi yake mzaa mama, jioni na usiku alikuwa na mama. Chekechea alikuwa ameianza miezi michache tu. Nyumbani kulikuwa pia na mdogo wake wa miezi saba.

Siku ya kwanza alikuwa na kilo 14.6, urefu wa sentimita 93, na mzingo wa mkono wa milimita 160. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006, mtoto wa kike wa umri huo huwa na takriban kilo 13.5 na sentimita 93 na ushee. Kwenye utepe wa mkono, hatari huanza chini ya milimita 125, na chini ya 115 ni utapiamlo mkali. Kwa hiyo vipimo vyote vitatu vilisema mtoto yuko salama. Kadi yake ya ukuaji ilikuwa na nukta zilizopanda vizuri tangu azaliwe, na bibi aliishika kadi ile kama cheti cha kazi yake. Alikuwa na haki ya kujivunia, maana kwa muda wote ule aliambiwa na wataalamu kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Mtoto alivyokuwa akila

Hatukumuuliza bibi kama mtoto anakula. Tulimwomba atusimulie siku ya jana tangu mtoto alipofumbua macho hadi alipoamka asubuhi iliyofuata: nini kiliingia mdomoni, saa ngapi, na kwa chombo gani. Masimulizi yalichukua muda, na hapo ndipo picha ilipojitokeza.

Chupa ya kwanza alipewa akiwa bado kitandani. Ya pili alipotoka chekechea, kabla hajakaa kula. Ya tatu ilikuwa ya kumlaza mchana. Ya nne jioni, chakula kikiwa jikoni. Ya tano alilala nayo, chuchu ikiwa mdomoni hadi usingizi unakolea. Kila chupa ilibeba mililita 240 na kijiko cha sukari. Katikati ya chupa hizo kulikuwa na biskuti, kipande cha mkate kilichochovywa kwenye chai, na vijiko vitatu vinne vya wali wenye mchuzi. Nyama aliitema. Mayai hakuyataka. Maharage alikuwa hajapewa kwa muda mrefu, kwa vile aliwahi kuyakataa.

"Huyu hali chakula kabisa," bibi alisema. "Bila maziwa tungekuwa tumeshamzika."

Tukapiga hesabu mbele yake. Chupa tano ni mililita 1,200. Maziwa kamili ya kiasi hicho yana kilokalori zaidi ya 700, kabla ya kuhesabu sukari. Mtoto wa kike wa miaka miwili hadi mitatu anahitaji takriban kilokalori 1,050 kwa siku. Maana yake, kiasi cha asilimia 70 ya nishati yake ilikuwa imekwisha kuingia kwa chupa, na sukari, biskuti na mkate vilimalizia sehemu kubwa ya iliyobaki. Alikataa chakula kwa sababu alikuwa ameshiba.

Upande wa madini ya chuma, hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Nchini Marekani kiwango kinachopendekezwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni miligramu 7 kwa siku. Lita 1.2 ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata miligramu moja, na kidogo kilichomo hakifyonzwi vizuri kwa sababu kalsiamu na protini za maziwa huzuia ufyonzwaji huo. Chai ya kuchovyea mkate nayo ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma ya kwenye nafaka ili yapite bila kuingia mwilini.

Mambo yalivyofuatana

Wa kwanza kuona tatizo alikuwa mwalimu. Mtoto alikuwa akijilaza kwenye mkeka wakati wenzake wanakimbia, na mara kadhaa alikutwa akitafuna chaki. Mwalimu aliificha chaki, mtoto akahamia kwenye udongo uani. Mama alipoambiwa alimpeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Huko alipimwa uzito, ikaonekana hana shida, akapewa dawa ya minyoo na sharubati ya vitamini ya kuongeza hamu ya kula. Damu haikupimwa.

Baada ya mwezi hali ilikuwa ileile. Safari ya pili mhudumu mwingine alisikia habari za chupa na kusema: mpunguzieni maziwa, mpeni chakula bora. Ushauri ule ulikuwa sahihi, lakini uliishia hapo. Bibi aliuchukua kwa uzito kuliko alivyotarajiwa, akaziondoa chupa zote siku hiyohiyo. Mtoto alilia usiku wa kwanza na wa pili, asubuhi akakataa kila kilichowekwa mezani. Usiku wa tatu nyumba nzima ilikuwa imechoka. Chupa zikarudi, na ikaongezwa ya sita kufidia siku alizokaa na njaa. Siku chache baadaye wakarudi kwenye tano.

Mwalimu aliendelea kusisitiza, na ndipo walipofika kwetu. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe, hata mistari yake imepauka, na ndani ya kope za chini hakukuwa na wekundu. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa gramu 82 kwa lita. Kwa mtoto wa miezi 24 hadi 59, chini ya 110 ni upungufu wa damu, na kati ya 70 na 99 huhesabiwa kuwa wa wastani. Chembe nyekundu zilikuwa ndogo na zilizofifia rangi. Ferritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma, ilikuwa mikrogramu 5 kwa lita, ilhali kwa mtoto wa chini ya miaka mitano akiba huhesabiwa kuwa imekwisha inaposhuka chini ya 12. Malaria, selimundu (siko seli) na damu kwenye choo vilipimwa, vyote havikuonekana. Alikuwa pia na choo kigumu, kila baada ya siku tatu hadi nne, na meno manne ya juu ya mbele yalikuwa yameanza kuoza karibu na ufizi.

Maamuzi na sababu zake

Daktari aliamua asiongezewe damu. Moyo ulikuwa ukienda mbio kidogo lakini mtoto hakuwa na dalili ya kushindwa kupumua wala kuvimba miguu, na upungufu uliokuja polepole mwili huwa umeuzoea kiasi. Akaandikiwa madini ya chuma ya maji, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yanywewe mbali na maziwa na yasindikizwe na tunda lenye vitamini C. Bibi aliambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, kwani wengi huacha dawa hii wakidhani imemdhuru mtoto. Aliambiwa pia aiweke mahali pa juu penye kufungwa. Dawa hii ikinywewa kupita kiasi na mtoto mdogo inaweza kumuua, na ladha yake tamu humvutia.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa wa maziwa. Lengo lilikuwa kufika mililita 400 hadi 500 kwa siku, kwenye kikombe, baada ya chakula. Tulikataa kuyaondoa kwa mkupuo. Nyumba ile ilikuwa imeshajaribu mara moja ikashindwa, na kushindwa mara ya pili kungemfanya bibi aamini kabisa kwamba mtoto hawezi kuishi bila chupa. Tukaanza na chupa mbili zilizotangulia milo, ile ya kutoka chekechea na ile ya jioni, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiua hamu ya kula. Ya asubuhi ikageuzwa kikombe baada ya kifungua kinywa. Ya kulala mchana ikafuata. Ya usiku tuliiacha iwe ya mwisho: kwanza ikaondolewa sukari, kisha ikapungua kipimo, kisha ikawa maji. Usingizi wa mtoto ulikuwa umefungwa kwenye chupa hiyo, na familia isiyolala haiwezi kufuata mpango wowote.

Kisha ikaja ratiba. Milo mitatu na vitafunio viwili, kukiwa na nafasi ya saa mbili na nusu hadi tatu kati yake, na katikati ni maji tu. Biskuti hazikupigwa marufuku, zilihamishiwa kwenye saa ya vitafunio.

Kuhusu chakula chenyewe, tulianzia kwenye kile alichokuwa akikubali. Alikuwa akila wali wenye mchuzi, basi mchuzi ndio uliobadilishwa: nyama iliyosagwa laini ikapikwa ndani yake hadi ikapotea machoni, siku nyingine maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Nyama ina madini ya chuma ya aina inayofyonzwa kwa urahisi, na ikiliwa pamoja na maharage husaidia hata yale ya maharage kufyonzwa. Chai iliondolewa kabisa kwenye milo. Kila mlo ulikuwa na kipande cha tunda.

Mwisho tukakubaliana kuhusu namna ya kukaa mezani. Mtu mzima anaamua kinachopikwa, saa na mahali. Mtoto anaamua ale au asile, na kiasi gani. Baada ya nusu saa sahani inaondolewa, bila kufokewa, bila kubembelezwa, bila kupewa chupa ya kufidia. Hapa bibi alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Na akilala na njaa?" Mtaalamu wa lishe alimjibu: "Bibi, akiwa na njaa kesho asubuhi atakula. Njaa hiyo ndiyo tunayoitafuta, amekaa muda mrefu bila kuipata."

Mpango wote uliwekwa mikononi mwa bibi. Mama na mwalimu walipewa nafasi ya wasaidizi. Mtu anayeshika kijiko ndiye anayeamua kama ushauri utafanya kazi, na huyu bibi alihitaji kuona kwamba anaaminiwa.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kilio na sahani zilizorudi jikoni karibu zilivyokuja. Wiki ya tatu mtoto alikuwa amepungua uzito, kutoka kilo 14.6 hadi 14.2.

Hapo ndipo kisa kilipokaribia kuvunjika. Kwa miaka karibu mitatu familia ilifundishwa kwamba uzito ukipanda mambo ni mazuri, na sasa uzito umeshuka mikononi mwetu. Bibi aliomba chupa mbili zirudishwe. Timu ilijadili na kukataa kwa sababu tatu. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Alikuwa anakunywa maji na kukojoa vizuri. Uzito wake kwa urefu ulikuwa bado juu ya wastani. Nishati ya maziwa ilikuwa imeondoka haraka kuliko chakula kilivyojaza nafasi yake, jambo tulilolitegemea. Badala ya maziwa tuliongeza kijiko cha mafuta kwenye mchuzi na yai kwenye vitafunio vya jioni, na tukaahidi kumpima kila wiki ili bibi asibaki peke yake na hofu.

Wiki ya nne himoglobini ilikuwa 101. Ongezeko la gramu 10 au zaidi kwa lita katika wiki nne huthibitisha kwamba tatizo lilikuwa madini ya chuma, na hapa lilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Mwalimu alisema mtoto ameacha chaki na udongo, hamu ambayo upungufu wa madini ya chuma huileta. Choo kikawa cha kila siku. Miezi mitatu baada ya kuanza, himoglobini ilifika 117, uzito kilo 14.8, na urefu ulikuwa umeongezeka karibu sentimita mbili. Dawa ilipangwa kuendelea miezi mingine mitatu baada ya hapo ili kujaza akiba, kwa sababu damu hurudi kwanza na ghala hujazwa mwishoni.

Yapo yaliyoshindwa. Maini aliyakataa kila yalipopikwa, na tukaacha. Mboga za majani anaziokota moja moja kwenye wali na kuziweka pembeni. Mwishoni mwa wiki, ndugu wakija kutembelea, ratiba ilivunjika na biskuti zikarudi mkononi kutwa nzima.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni kwa nini ilichukua muda mrefu. Hali ya lishe ya mtoto ina pande nyingi, na vipimo vyetu vya kila siku vinagusa upande mmoja. Mizani hupima kama nishati inatosha. Kimo husimulia historia ya miezi na miaka. Madini ya chuma, vitamini A, zinki na iodini havionekani kwenye mizani kabisa. Mtoto huyu alikuwa na nishati ya kutosha na protini ya kupita mahitaji yake, na kwa sababu hiyo alinenepa na kurefuka huku akiba yake ya madini ya chuma ikiisha. Himoglobini huwa ya mwisho kushuka, baada ya ghala kuwa tupu. Kwa hiyo kufikia siku mwalimu alipoona chaki mdomoni, mtoto alikuwa ameishi bila akiba kwa muda mrefu, katika umri ambao ubongo unahitaji madini hayo kwa ukuaji wake. Hili linaniuma kuliko jambo jingine lolote katika kisa hiki.

La pili ni mzunguko uliomnasa. Mtoto hukua kwa kasi kubwa katika mwaka wa kwanza, uzito wa kuzaliwa ukizidi mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi tu, na hamu ya kula hupungua kwa sababu mwili unadai kidogo. Katika kipindi hichohicho huanza kuviogopa vyakula vigeni. Mzazi huona sahani inabaki, anaingiwa na hofu, anampa maziwa ili angalau awe na kitu tumboni. Maziwa yanashibisha, sahani inabaki zaidi, hofu inakua. Kisha upungufu wa madini ya chuma wenyewe hupunguza hamu ya kula, na sasa mtoto kweli hataki chakula. Kila hatua imechukuliwa kwa upendo. Ndiyo maana kumlaumu mlezi kungekuwa uonevu, na pia kungemfunga mdomo asitusimulie ile siku ya jana.

Ushauri wa kwanza ulishindwa kwa sababu ulitaja cha kuondoa bila kusema kianzie wapi, kwa siku ngapi, na nini kifanyike mtoto akilia usiku wa pili. Maneno "chakula bora" hayamwambii mlezi apike nini leo jioni kwa mtoto anayetema nyama. Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa saa kuliko aina ya chakula. Mtoto alianza kuonja mchuzi wa nyama kwa sababu alifika mezani akiwa na njaa. Mchuzi uleule angepewa dakika kumi baada ya chupa, angeutema.

Lazima tuwe wakweli kuhusu dawa. Himoglobini ilipanda kwa sababu ya madini ya chuma ya maji. Dozi yake ya siku ilikuwa miligramu 44 hivi, na hakuna sahani ya mtoto inayofika huko. Wanaodai kwamba upungufu wa damu wa kiasi hiki unaponywa kwa chakula pekee huwachelewesha watoto. Kazi ya mlo ni kuzuia tatizo lisirudi dawa ikiisha, na hilo litaonekana kwenye kipimo cha mwaka mmoja. Kuacha kula udongo nako kulisaidia kupunguza hatari ya minyoo, ingawa hatuwezi kutenganisha mchango wa dawa ya minyoo aliyopewa mwanzoni.

Nisingependa msomaji atoke hapa akiwa na chuki na maziwa. Kwa mtoto ambaye mlo wake ni nafaka tupu, kikombe cha maziwa kwa siku ni msaada mkubwa kwa ukuaji, na kumnyima kwa kusoma kisa hiki kungekuwa kosa. Tatizo hapa lilikuwa kiasi, saa na chombo. Chupa humfanya mtoto anywe bila kuchoka na bila kuamka. Kikombe humlazimisha akae, ashike, aache anapotosheka.

Meno ni sehemu ambayo mpango haukuirudisha nyuma. Mawili yalizibwa, mawili yaling'olewa. Kazi iliyobaki ipo kwa mdogo wake, ambaye sasa amepita umri wa kuanza vyakula vya nyongeza. Tumekubaliana na mama na bibi kwamba maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka, nyama au maharage yaliyopondwa yaingie kwenye mlo wake tangu sasa, na damu yake ipimwe atakapofikisha mwaka mmoja hata kama mizani itasema yuko vizuri.